Neno "inaweza" kwenye karatasi ya sigara

Mwaka jana chama kimoja cha afya cha mtaani kwetu kilituomba, mimi na wanafunzi wenzangu wawili, tutafsiri karatasi ya ukurasa mmoja kutoka Kifaransa hadi Kiswahili. Ilihusu tumbaku. Tuliiona kazi nyepesi, tukaimaliza jioni moja. Sentensi ya kwanza ya Kifaransa ilisema kwamba tumbaku "peut provoquer" saratani ya mapafu, nasi tukaandika bila kufikiri mara mbili: "Kuvuta tumbaku kunaweza kuleta saratani ya mapafu." Sarufi ilikuwa safi. Mwalimu yeyote wa tafsiri angetupa alama nzuri.

Karatasi zilipotoka, nilimpelekea mjomba wangu moja. Alifanya kazi mgodini tangu ujana wake, na amevuta sigara kwa muda huohuo. Macho yake hayamruhusu tena kusoma herufi ndogo, kwa hiyo nilimsomea kwa sauti, watu wa nyumbani wakisikiliza. Nilipofika kwenye sentensi ile, alicheka. "Ee mwana, inaweza! Hata motoka inaweza kuniua mu balabala." Wote wakacheka naye, akawasha nyingine.

Sikuwa na jibu. Kwa siku kadhaa nilimlaumu kwa ukaidi wake. Baadaye nikatambua kwamba mjomba aliielewa sentensi yetu vizuri kuliko sisi tulioiandika. Aliambiwa kwamba jambo "linaweza" kutokea, akaliweka pamoja na mambo mengine yote yanayoweza kutokea: motoka, radi, nyoka. Kosa lilikuwa letu. Ninaandika makala haya kueleza kwa nini neno hilo moja ni kosa, na kwa nini kosa hilo linatuhusu sisi wa lugha kama linavyowahusu wenzetu wa udaktari.

Sentensi "sigara huleta saratani ya mapafu" haikushuka kutoka mbinguni. Ilitafutwa kwa miaka mingi, na waliokuwa na faida ya kuizuia waliizuia. Mwanzoni mwa karne ya 20 saratani ya mapafu, ambayo wengi kwetu huiita kansere ya mapafu, ilikuwa ugonjwa wa nadra. Halafu hesabu zikaanza kupanda. Katika Uingereza na Wales, vifo vilivyoandikwa kuwa vya ugonjwa huo vilikuwa 612 mwaka 1922. Mwaka 1947 vilikuwa 9,287. Ni ongezeko la mara 15 ndani ya miaka 25. Nchini Ujerumani, daktari Franz Hermann Müller alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1939 kwamba wagonjwa wa saratani hiyo walikuwa wavutaji wakubwa kuliko watu wengine, lakini vita vilikuja na wachache nje ya nchi yake walimsikia. Waingereza wengi waliushuku moshi wa viwanda, moshi wa magari na lami mpya ya barabarani.

Richard Doll, daktari kijana, naye alidhani ni lami. Pamoja na mwanatakwimu Austin Bradford Hill, aliamua kuuliza badala ya kudhani. Katika hospitali 20 za London walichukua wagonjwa wenye saratani ya mapafu, na kwa kila mmoja wakamtafuta mgonjwa mwingine wa jinsia na umri uleule aliyelazwa kwa ugonjwa tofauti. Wote waliulizwa maswali yaleyale. Matokeo ya kwanza yalitoka Septemba 1950. Kati ya wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, ni 2 tu ambao hawakuwa wavutaji. Katika wanaume 649 wa kulinganisha, wasiovuta walikuwa 27. Anayesoma haraka atasema tofauti ni ndogo, maana katika Uingereza ya wakati ule karibu kila mwanaume alivuta. Lakini kadiri sigara za kwa siku zilivyozidi, ndivyo sehemu ya wagonjwa wa saratani ilivyozidi. Mwaka huohuo Ernst Wynder na Evarts Graham walichapisha Marekani matokeo yanayofanana na hayo.

Kuna jambo moja ndani ya utafiti wa London ambalo ninalipenda kama mtu wa lugha, kwa sababu linahusu kuuliza maswali. Mtu angeweza kusema: wauliza maswali walijua nani ana saratani, kwa hiyo waliwabana zaidi hao kuhusu sigara. Ikatokea kwamba baadhi ya wagonjwa walioulizwa wakidhaniwa kuwa na saratani ya mapafu waligundulika baadaye kwamba hawakuwa nayo. Kama tatizo lingekuwa wauliza maswali, watu hao wangeonekana wavutaji wakubwa kama wagonjwa wa kweli. Hawakuonekana hivyo. Uvutaji wao ulifanana na wa watu wa kulinganisha. Doll mwenyewe aliacha sigara kabla utafiti haujaisha.

Hata hivyo Doll na Hill hawakuridhika. Kumuuliza mgonjwa mambo ya nyuma kuna udhaifu wake, maana kumbukumbu hupotoka. Kwa hiyo Oktoba 1951 waliwaandikia madaktari wa Uingereza barua fupi wakiuliza: unavuta, uliacha, au hukuvuta kamwe? Zaidi ya 40,000 walijibu. Kisha watafiti wakasubiri. Daktari alipokufa, waliangalia sababu ya kifo na jibu lake la 1951. Ripoti ya kwanza, mwaka 1954, ilikuwa na vifo 36 vya saratani ya mapafu kati ya wanaume wenye miaka 35 na zaidi. Wote 36 walikuwa wavutaji. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka 50, na ripoti ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba mvutaji asiyeacha hupoteza, kwa wastani, kama miaka 10 ya maisha.

Sasa tuje kwenye upande wa maneno. Januari 1954 kampuni za tumbaku za Marekani zilinunua kurasa katika magazeti zaidi ya 400.   Zilisema kwamba wataalamu hawajakubaliana, kwamba hakuna uthibitisho, kwamba uchunguzi zaidi unahitajika. Baadaye, katika waraka wa ndani wa mwaka 1969 ambao ulikuja kujulikana na umma, watu wa kampuni moja waliandika waziwazi kwamba bidhaa wanayoitengeneza ni shaka. Ninawaomba wenzangu wa fakulte waitafakari kauli hiyo. Watu wale walielewa nguvu ya kitenzi. Ili kuuza sigara hawakuhitaji kulifuta neno "huleta". Iliwatosha libaki "inaweza".

Si kila aliyebisha alikuwa tapeli. Ronald Fisher, mmoja wa wanatakwimu wakubwa wa karne ile, alisema kwamba mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja ni sababu ya jingine. Pengine, alisema, kuna urithi wa damu unaomfanya mtu apende sigara na pia apate saratani. Fisher alikuwa mvutaji wa kiko na mshauri wa watengenezaji wa tumbaku, lakini hoja haikataliwi kwa kumtazama mwenye kuisema. Ilijibiwa kwa hoja. Mwaka 1959 Jerome Cornfield na wenzake walionyesha hivi: kama wavutaji wa sigara wana hatari mara 9 ya wasiovuta, basi huo urithi uliofichika, ili ueleze peke yake tofauti hiyo, lazima uwe umeenea miongoni mwa wavutaji angalau mara 9 zaidi. Hakuna aliyeonyesha urithi wa namna hiyo. Wala urithi hauelezi kwa nini hatari hupungua mtu anapoacha. Damu ya mtu haibadiliki siku anapoitupa pakiti.

Tarehe 11 Januari 1964, kamati ya wataalamu 10 nchini Marekani ilitoa ripoti yake kupitia Luther Terry, mganga mkuu wa serikali. Nusu ya wanakamati walikuwa wavutaji. Ripoti ilieleza ndani yake kwa nini kamati, baada ya kujadiliana, imelichagua neno "sababu" badala ya maneno laini zaidi. Ilisema kwamba kuvuta sigara ni sababu ya saratani ya mapafu kwa wanaume, na kwamba habari za wanawake, ingawa zilikuwa chache, zilielekea kulekule. Wataalamu wa tiba walikaa wakabishana juu ya neno, kama tunavyobishana sisi darasani.

Halafu neno likapelekwa bungeni, likalainishwa. Onyo la kwanza kwenye pakiti za Marekani, lililoanza Januari 1966, lilisema kwamba kuvuta sigara "kunaweza" kuwa hatari kwa afya yako. Ni lilelile letu. Sheria ya mwaka 1970 iliondoa "kunaweza", ikaandika kwamba "ni hatari". Ikabidi kusubiri sheria ya mwaka 1984 ili pakiti iseme kwamba kuvuta kunasababisha saratani ya mapafu. Kutoka ripoti ya kamati mpaka kitenzi sahihi juu ya pakiti ilipita miaka 20, na katika miaka hiyo watu walizikwa. Sisi watatu, kwa jioni moja, tuliirudisha karatasi ya mtaani kwetu mwaka 1966.

Mtu atauliza: je, "inaweza" si neno la uangalifu? Mwanasayansi si anapaswa kuwa mwangalifu? Ndiyo, na neno hilo lina mahali pake. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, hupanga vitu kwa madaraja kufuatana na nguvu ya ushahidi. Daraja la kwanza ni la vitu ambavyo ushahidi umetosha kusema vinasababisha saratani kwa binadamu. Chini yake kuna vile ambavyo kuna uwezekano mkubwa, kama nyama nyekundu. Chini zaidi kuna vile ambavyo inawezekana tu, na huko mwaka 2011 yaliwekwa mawimbi ya simu za mkononi. Moshi wa tumbaku umo katika daraja la kwanza tangu 1986. Kumbe madaraja hayo ni madaraja ya vitenzi. Mfasiri anayeandika "inaweza" kwa sigara anaishusha ngazi mbili, anaikalisha kwenye benchi moja na simu. Ameharibu habari, hata kama hakukosea konsonanti moja.

Kuna pingamizi jingine, na hili nalisikia hata hapa chuoni: "Babu yangu alivuta mpaka akafa mzee, hakupata saratani." Ninaamini. Hesabu za Uingereza zilizochapishwa mwaka 2000 zinasema kwamba katika wanaume 100 wanaovuta sigara bila kuacha, kama 16 wangekufa kwa saratani ya mapafu kabla ya kufika miaka 75 kama hakuna kingine kilichowaua mapema. Maana yake 84 hawafi kwa ugonjwa huo, ingawa tumbaku ina njia nyingine, za moyo na za pumzi, na kwa jumla huua karibu nusu ya wanaodumu nayo. Kwa wasiovuta kamwe, idadi haifiki 1 katika 100. Babu ni mmoja wa wale 84. Hilo halimfanyi kuwa ushahidi dhidi ya wale 16.

Na hapa lugha yetu inatusaidia kuliko tunavyofikiri. Sisi wote husema "mbu huleta malaria". Hakuna anayesema "mbu anaweza kuleta malaria", ingawa tunajua kwamba si kila mbu, wala si kila kuumwa. Kiambishi "hu-" hakidai kwamba jambo hutokea kila mara bila kukosa. Kinadai kwamba hiyo ndiyo tabia ya kitu. Ndicho hasa kinachotakiwa kwa sigara. Wale wanaosema kwamba "hu-" ni ya vitabuni, na kwamba hapa Lubumbashi hatuitumii nyumbani, wako sawa. Lakini Kiswahili cha nyumbani kina chake: "sigara inaletaka kansere". Ile "-ka" ya mwisho hufanya kazi ileile, na mjomba wangu hatasema haieleweki. Tuna umbo la sanifu na umbo la mtaani, yote mawili sahihi kwa jambo hili. Tuliacha yote mawili tukanakili "peut" ya Kifaransa.

Katika mji wetu kuna pia pingamizi la mgodi. Mjomba aliniambia baadaye kwamba kikohozi chake ni vumbi, si sigara. Sitaki kumdharau. Wachimbaji wa Schneeberg, Ujerumani, waliandikwa kuwa na saratani ya mapafu tangu 1879, kabla sigara haijaenea, na leo tunajua kwamba gesi ya radoni na vumbi la silika vyote viwili husababisha saratani hiyo. Anayesema mgodi huumiza mapafu anasema kweli, na ana haki ya kumdai mwajiri hewa safi. Lakini sababu moja haiifukuzi nyingine. Radoni pamoja na sigara huleta hatari kubwa kuliko kila moja ikihesabiwa peke yake na kujumlishwa. Mtu aliyekula vumbi miaka 30 ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuacha sigara. Hilo nalo linapaswa kuandikwa, kwa Kiswahili, kwa watu wa migodini, na halikuwamo kwenye karatasi yetu.

Ninajua kwamba karatasi peke yake haiachishi mtu sigara. Nikotini ina nguvu zake, na sigara za kwetu huuzwa mojamoja mezani kando ya njia, hivyo mnunuzi wengi haioni hata pakiti. Kwa mtu huyo, onyo lililoandikwa kwenye pakiti ni kama halipo. Lakini hiyo ni sababu ya kuongeza maneno mengine, ya redioni, kanisani, sokoni na shuleni, na maneno hayo yote yatapita mikononi mwa mtu anayetafsiri. Dunia nzima, mwaka 2022 peke yake, watu kama milioni 1.8 walikufa kwa saratani ya mapafu. Hakuna saratani nyingine inayoua wengi hivyo.

Upo pia mkataba. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003 na ambao nchi yetu ni mshiriki wake, unataka maonyo yaandikwe kwa lugha kuu za nchi. Katiba yetu ya 2006 inaitaja Kifaransa kama lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kama lugha za taifa. Swali la lugha ipi ni "kuu" kwa muuzaji wa Katuba au mchimbaji wa Likasi ni swali letu. Fakulte ya sheria haitalijibu kwa niaba yetu.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo mawili madogo. La kwanza: kila mara fakulte yetu inapoombwa kutafsiri maandishi ya afya, tafsiri ipitie kwa mwanafunzi au mwalimu mmoja wa udaktari, aulizwe swali moja tu kwa kila sentensi: jambo hili limethibitishwa, lina uwezekano mkubwa, au linawezekana tu? Mfasiri achague kitenzi baada ya jibu hilo, asikinakili kutoka Kifaransa. La pili: tafsiri isomwe kwa sauti mbele ya mtu mmoja ambaye imeandikwa kwa ajili yake, kabla haijachapwa. Tungefanya hivyo, mjomba angetusahihisha bure.

Karatasi yetu tumeiandika upya. Sentensi ya kwanza sasa inasema: "Kuvuta sigara huleta saratani ya mapafu." Chini yake tuliongeza habari njema ya wale madaktari wa Uingereza, ambayo watu wachache wameisikia: aliyeacha akiwa na miaka 60 alirudishiwa, kwa wastani, kama miaka 3 ya maisha; aliyeacha akiwa na 50, miaka 6; akiwa na 40, miaka 9; na aliyeacha akiwa na 30 aliepuka karibu hasara yote. Ninyi mnaosoma makala haya wengi hamjafika 30.

Nilimpelekea mjomba karatasi mpya. Safari hii aliniuliza niirudie ile mistari ya miaka, na alipokuwa akihesabu kwa vidole hakuwasha kitu. Ana miaka 60 kamili. Hajaacha, jana nilimkuta anavuta nyuma ya nyumba. Ila ameniomba nimtafutie mtu wa kituo cha afya wa kuzungumza naye, na wiki ijayo nitamsindikiza.